Darasa la Saa Nane Mchana

Ninapozungumza nawe ni saa kumi na mbili na robo asubuhi, na nadhani wengi wenu ndiyo kwanza mnatafuta kandambili chini ya kitanda. Lakini hapa Dar es Salaam wapo watu ambao kazi ya leo wameshaifikisha katikati. Mkate utakaomtuma mtoto akauchukue dukani kwa Mangi uliingia kwenye oveni usiku. Pale soko la Feri samaki wameshaanza kupigiwa mnada. Mfagiaji wa barabara amemaliza kipande chake kabla magari hayajamfukuza. Mpishi wa hoteli ameshakaanga mayai ya wageni wanaowahi ndege, na mlinzi wa benki anatazama saa, anamngoja mwenzake aje ampokee.

Miongoni mwa hao wapo waliokwisha kutuma maombi ya chuo kwa simu. Wengine wametuma kimyakimya, bila kumwambia bosi, na mara nyingine bila kumwambia hata mwenza wa nyumbani. Mtu wa namna hii aliacha shule miaka kumi iliyopita ada ilipokatika, au alipata mtoto, au alimaliza cheti akaingia kazini akisema nitarudi mwakani. Sasa anataka kurudi kweli. Leo nataka kuzungumza naye, na nataka wakubwa wake wa kazi na wapanga ratiba wa vyuo nao wasikilize.

Mimi nafundisha darasa la jioni, somo la uhasibu, kwa hiyo watu hawa ninawafahamu kwa sura. Ninamjua anayekaa dirishani makusudi ili upepo umzuie kulala. Ninamjua anayeandika nukuu zake akiwa amesimama nyuma ya darasa, maana akikaa tu, basi. Nimesikia pia yanayosemwa juu yao katika vikao vya walimu: mtu anayeamka usiku wa manane kwenda kazini shule ataiwezea wapi? Angoje apate kazi ya kistaarabu kwanza.

Nakataa. Mtu anayeingia kazini saa kumi alfajiri anatoka saa sita au saa saba mchana. Ana kitu ambacho karani wa ofisini hana na hawezi kukipata hata akiomba: ana mchana mweupe, ana alasiri nzima, siku zote za wiki. Kwa mwanafunzi hiyo ni neema. Kinachomwangusha ni kwamba vyuo vyetu, kwa nia njema kabisa, vimempangia mwanafunzi mfanyakazi darasa katika saa zilezile ambazo huyu anatakiwa awe amelala.

Tuifanye hesabu, na nitakwenda polepole kwa ajili ya wanaoandika. Tumchukue dada mmoja wa kubuni. Anaishi Mbagala, anafanya kazi bekari Chang'ombe. Zamu yake inaanza saa kumi alfajiri na kwisha saa sita na nusu mchana, na katikati ana saa moja ya kupumzika. Ili awe getini saa kumi lazima aamke saa nane na nusu usiku, maana wakati huo daladala ni za kubahatisha na mara nyingi itambidi amwamini mwendesha bodaboda anayemfahamu. Nasema anayemfahamu kwa sababu mwanamke anayetoka nyumbani saa tisa usiku hapandi pikipiki yoyote tu, na hilo nalo ni gharama, ingawa haliandikwi popote kwenye fomu ya ada.

Chuo chake kiko katikati ya jiji. Darasa la wafanyakazi linaanza saa kumi na moja na nusu jioni na kumalizika saa mbili na nusu usiku. Kutoka saa sita na nusu mpaka saa kumi na moja na nusu ana saa tano za kungoja. Arudi Mbagala? Akienda, atakunja mgongo nusu saa tu kabla ya kuanza kupambana tena na foleni ya Barabara ya Kilwa. Kwa hiyo hubaki mjini, kwenye kibanda cha chai au chini ya mwarobaini wa chuo, kichwa juu ya mkoba. Darasa linaanza. Linakwisha. Nyumbani anafika saa nne, anakula kilichofunikwa, na saa nne na nusu amelala. Saa nane na nusu simu inalia. Amepata saa nne za usingizi, naye atarudia vivyo hivyo kesho na keshokutwa.

Sasa sikiliza jambo ambalo mimi lilinishtua. Mwaka 1997 watafiti wawili waliokuwa wakifanya kazi Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya jaribio lao. Waliwapima watu waliokesha, wakawapima tena siku nyingine wakiwa wanapewa pombe kidogo kidogo. Waligundua kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hutenda kazi za mikono na akili kama mtu mwenye asilimia 0.05 ya kileo kwenye damu. Katika nchi nyingi za Ulaya hicho ndicho kiwango ambacho dereva akikivuka ananyang'anywa usukani.

Rudi kwa dada yetu. Ameamka saa nane na nusu usiku. Ongeza saa 17. Unafika saa moja na nusu jioni, ndani ya kipindi changu, ninapoandika ubaoni mizania ya kampuni na kuuliza nani amekiona kilichokosekana. Hajaonja kileo tangu azaliwe, pengine ni mlokole au muumini wa msikiti wa mtaani kwao, lakini kichwa chake kiko pale ambapo kingekuwa baada ya chupa. Na mimi, mwalimu, nitaandika pembeni mwa karatasi yake: "Ongeza bidii."

Bidii anayo. Hakuna darasani mwenye bidii kumzidi. Mwaka 2015 jopo la wataalamu wa usingizi wa Marekani lilitoa ushauri kwamba mtu mzima alale saa saba au zaidi kila usiku, na tunajua pia kwamba usingizi ndio wakati ubongo unapoimarisha yale yaliyojifunzwa mchana. Anayejinyima usingizi ili asome anafuta kwa mkono mmoja anachoandika kwa mwingine. Kwa anayeamka saa nane na nusu, saa saba za usingizi zinamtaka awe amefumba macho saa moja na nusu jioni. Ni saa ileile! Kipindi cha mwalimu na kitanda vinamwita kwa pamoja, na sisi tunamlaumu kwa kusinzia.

Mpangilio huu una asili yake. Mwaka 1960 Chuo cha Makerere kilifungua tawi la masomo ya nje hapa Dar es Salaam, na tawi hilo ndilo mzizi wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo sheria ya mwaka 1975 iliifanya ijitegemee. Masomo ya jioni ya mjini yalimfaa sana karani: mtu wa serikalini, wa bandarini, wa benki, anayetoka ofisini alasiri na daftari kwapani. Saa za serikali mpaka leo ni saa moja na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Kwa mtu huyo darasa la saa kumi na moja na nusu limekaa mahali pake. Jiji likakua, kazi zikawa za kila namna, viwanda na hoteli na hospitali binafsi na kampuni za ulinzi zikaajiri maelfu kwa zamu, lakini picha ya mwanafunzi mfanyakazi katika vichwa vya wapanga ratiba imebaki ya yule karani mwenye tai.

Hata hivyo, nchi hii ilishawahi kuamini kwamba kazi ni njia ya kwenda chuo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kwamba anayemaliza kidato cha sita aende kwanza kazini, angalau miaka miwili, ndipo aombe Chuo Kikuu, na alikokuwa akifanya kazi waseme kama anafaa. Azimio lile lilikuwa na matatizo yake; idadi ya wasichana ilishuka haraka hata ikabidi walegezewe sharti. Sikusudii kulifufua. Lakini kwa miaka kadhaa pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mtu mwenye mke, watoto na uzoefu wa kazi alikuwa ndiye mwanafunzi wa kawaida. Leo mwanamke wa miaka 34 akiingia darasani vijana wanamwamkia "shikamoo mama" na kumsogezea kiti. Heshima anaipokea. Anachokosa ni ratiba.

Kuna hesabu ya pili, na hii vyuo huwa haviisemi siku ya kupokea ada. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa kumi za kujifunza, ukijumlisha za darasani na za kusoma mwenyewe. Mwaka mmoja wa masomo kamili ni krediti 120, yaani saa 1,200. Zigawe kwa semesta mbili, kila semesta saa 600. Semesta ikiwa ya wiki 17 hivi pamoja na mitihani, ni saa 35 kwa wiki. Msikilizaji, hiyo ni ajira ya pili.

Wiki ina saa 168. Toa 45 za kazi, ambazo ndizo ukomo wa kisheria bila saa za ziada. Toa 35 za masomo. Toa 49 za usingizi. Zimebaki 39. Toa 18 za barabarani, kama kwenda na kurudi kunakula saa tatu kwa siku sita za kazi; na kwa wakazi wa Chanika au Bunju hapo nimepunja. Zimebaki 21, saa tatu kwa siku, za kupika, kufua, kusali, kumkagua mtoto madaftari, kwenda kliniki, kumzika jirani. Na vikao vya harusi, tafadhali tusivisahau vikao vya harusi. Mji huu unaweza kumkalisha mtu mzima jioni nyingi mfululizo akijadili rangi ya mapambo ya ukumbi, halafu mtu huyohuyo anashangaa mwenzake anapata wapi muda wa kusoma.

Kwa hiyo anayefanya kazi saa 45 asichukue masomo kamili. Hilo nalisema bila kuzunguka. Chuo kikikubali uchukue nusu ya masomo, chukua nusu. Shahada ya miaka mitatu uimalize kwa sita. Chuo kisipokubali, uliza wapi wanakubali. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994, kimejengwa juu ya wazo hilohilo: mwanafunzi anasoma alipo, anakwenda kwa mwendo wake, anafika kituo cha mkoa kwa mitihani na kuonana na walimu. Wapo wanaokidharau kwa sababu hakina misururu ya vijana kwenye hosteli. Wenye dharau hiyo nawaombea wapate zamu ya alfajiri mwezi mmoja.

Lakini na Huria nako si mteremko. Kusoma peke yako kunataka mahali pa kusomea, na chumba kimoja chenye watoto watatu na redio ya jirani si mahali. Hapa tena anayetoka kazini mchana ana bahati anayoweza kuitumia. Maktaba Kuu ya Taifa iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Karani mchana yuko ofisini. Mtu wa bekari anaweza kuingia pale mchana, akapata meza, akapata ukimya, akasoma saa mbili kabla ya kwenda nyumbani. Mchana kuna uzito wa macho baada ya kula, kila mtu anaujua. Lala kidogo kwanza, dakika ishirini zinatosha; ukizidisha ukaingia usingizi mzito utaamka mzito kuliko ulivyolala.

Tuje kwenye sheria, maana hapa ndipo watu wengi wanapoibiwa bila kujua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki wala tisa kwa siku. Saa za ziada ni kwa makubaliano, zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na malipo yake ni mara moja na nusu. Kutoka saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni usiku kisheria, na kila saa unayofanya kazi humo inaongezewa angalau asilimia tano ya mshahara wa msingi. Dada yetu wa Chang'ombe anayeanza saa kumi alfajiri anafanya saa mbili za usiku kila siku. Je, karatasi yake ya mshahara inazionyesha? Aitazame mwisho wa mwezi. Si fedha nyingi, lakini ni haki yake.

Sheria hiyo inataka pia mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuanza tena. Dada yetu anayapata, na zaidi. Ila sheria inahesabu saa ambazo hauko kazini. Saa ulizokaa kitandani ni juu yako mwenyewe. Na likizo zinazotajwa humo ni pamoja na ya mwaka, ya ugonjwa, ya uzazi, ya baba aliyepata mtoto, na ya dharura kama msiba. Likizo ya masomo haimo. Mtumishi wa umma anaweza kuomba ruhusa ya kwenda masomoni na kuna utaratibu wake. Wa kampuni binafsi anategemea mapatano na moyo wa mwajiri. Alicho nacho ni zile siku 28 za likizo ya mwaka, na ushauri wangu ni kuzipigania ziangukie wakati wa mitihani. Msimamizi aombwe mapema, kwa barua, na ratiba ya mitihani ikiambatanishwa. Kuomba kwa mdomo siku tatu kabla ni kumtafutia sababu ya kukataa.

Sasa nifike kwenye adui mwenyewe. Saa kumi alfajiri siyo. Mwili wa binadamu unaweza kuzoea kulala saa moja na nusu jioni na kuamka saa nane na nusu usiku, ikiwa ni kila siku. Kisichozoeleka ni wiki hii alfajiri, wiki ijayo mchana, ile nyingine usiku, na ratiba inatupwa kwenye kundi la WhatsApp Jumapili saa tatu usiku na msimamizi ambaye hajali nani ana mtihani Jumanne. Wauguzi na walinzi wanajua ninachosema. Mwanafunzi wa namna hii hukosa vipindi bila mpangilio. Vyuo vingi vina kiwango cha mahudhurio, na asipokifikia jina lake halimo kwenye orodha ya mtihani. Hapo inaanza safari ya sapu, yaani mtihani wa marudio, na baada ya sapu ni kukeri somo, kulibeba mwaka ujao, na ada yake juu. Siku ya kudisko, yaani kuondolewa chuoni, kila mtu atasema aliyataka mwenyewe.

Nimeshaona pia linalotokea kwenye kazi za kikundi. Vijana wa hosteli wanapanga kukutana saa tatu usiku, saa ya dada yetu kuwa njiani au usingizini. Hafiki. Mara ya pili hafiki. Kwa huruma wanamwandika jina, naye kwa aibu analipia uchapaji na karatasi. Kila mtu anaona imekwisha vizuri. Mtihani ukija unauliza kilekile kilichojadiliwa saa tatu usiku, na jina lililoandikwa kwa huruma halijui jibu. Sisi walimu tunaweza kulimaliza hili kwa sentensi moja: vikundi vipangwe kwa saa ambazo wanakikundi wote wapo. Ni uzembe wetu tu kwamba hatuisemi.

Kuna na Kiingereza. Mtu aliyekaa miaka kumi bekari amefikiri, amegombana, amehesabu na kutania kwa Kiswahili. Chuoni anapokewa na kitabu cha kurasa mia tatu za Kiingereza. Akiwa na akili safi ya saa nane mchana atatafuta neno moja moja na kusonga mbele. Akiwa ndani ya ile saa ya 17 atasoma ukurasa mmoja mara nne. Wanaorudi shuleni baada ya muda mrefu huniambia wanaogopa hisabati. Hisabati hurudi haraka kuliko wanavyodhani. Kinachowachelewesha ni kusoma, na kusoma kwa lugha ya pili ni kazi ya kufanywa ukiwa umelala vya kutosha.

Basi mfikirie dada yuleyule chuo kikimpa darasa la saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni. Anatoka Chang'ombe saa sita na nusu, anakula, anafika mjini, anaingia darasani akiwa macho kwa saa kumi na moja na nusu tu. Saa kumi na moja anatoka, na saa kumi na mbili na nusu yuko nyumbani, watoto hawajalala. Saa moja na nusu amezima taa. Saa saba za usingizi zimetimia, na hakuna aliyemwongezea hata dakika moja kwenye siku yake. Tulichofanya ni kuhamisha kipindi.

Najua nitakachoambiwa na vyuo: saa nane mchana vyumba vimejaa wanafunzi wa kutwa. Sawa. Mruhusuni basi akae humohumo na hao wa kutwa. Somo ni lilelile, mwalimu mara nyingi ni yuleyule, mtihani ni uleule. Kinachomzuia leo ni kwamba fomu yake imeandikwa "jioni", na mlinzi wa utaratibu ofisini anataka fomu itii. Wengine watasema kuna masomo ya wikiendi. Yapo, na yanamfaa mhasibu anayepumzika Jumamosi. Mkate huliwa Jumamosi pia, wagonjwa huugua Jumapili pia.

Ndugu zangu wenye ofisi za ratiba, fungueni mkondo mmoja wa mchana kwa wafanyakazi wa zamu, na ratiba ya semesta itangazwe kabla ya kupokea ada, mtu ajue anachokilipia. Waajiri, bandikeni zamu za mwezi mzima ukutani, na mfanyakazi aliyeleta barua ya chuo msimhamishe zamu katikati ya semesta; hamtatumia shilingi moja zaidi, na mwisho wake mtakuwa na mtu anayejua kusoma hesabu zenu.

Na wewe uliyeko bekarini, hospitalini au getini, unayesikiliza kwa simu ndogo mfukoni: udahili wa chuo unachokitaka ukifunguliwa, nenda kaulize mambo mawili, na uyapate kwa maandishi. Vipindi vinaanza na kwisha saa ngapi, na kama unaweza kuchukua nusu ya masomo. Majibu yakiwa ni jioni peke yake na masomo kamili, na zamu yako ni ya alfajiri, ada yako usiiache pale. Ipeleke kwenye chuo kitakachokuruhusu kulala.